Ukuta wa Mama Bahati

Safari yangu ya Kalemie ilianzia kwenye simu. Mwanamke nisiyemjua, jina lake Mapendo, fundi wa injini za boti, alinitumia ujumbe wa sauti. Namba yangu alipewa na rafiki yangu wa hapa Kigoma anayemuuzia vipuri. Alisema hivi: "Dada, nimeona mafoto yako. Ni mazuri, lakini watu wote wanakupa mugongo. Mie sitaki mugongo. Nataka uso. Na nataka itundikwe kwa Mama."

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu. Napiga picha za watu weusi wanaopenda wa jinsia yao, sisi tunaojiita kuchu, na ninasema sisi kwa sababu na mimi ni mmoja wao. Nawapiga katika weusi wao ulivyo, bila kuwapaka mwanga usio wao. Picha hizo huenda kwenye maonyesho ya miji ya mbali. Wengi wanaokaa mbele ya kamera yangu hunipa mgongo, au mikono, au kisogo chenye nywele zilizosukwa vizuri, na siwalaumu. Nani anataka mwenye nyumba amtambue ukutani halafu mwezi ukiisha amwambie atafute kwingine? Kwa hiyo mtu aliyetaka uso, tena wa kutundikwa kwa mama yake mzazi, alinitia hofu na kunivuta kwa wakati mmoja. Nikafunga mizigo.

Jioni, bandari ya Kigoma. Boti ya mizigo ilikuwa imejaa saruji, sabuni na magodoro, na sisi abiria tulipangwa juu yake tutoshee. Kamera niliitia ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ujanja niliofundishwa na ziwa lenyewe baada ya kunilia kamera ya kwanza. Mama mmoja mfanyabiashara aliyekaa karibu nami aliitazama ile ndoo, akauliza kama nimebeba maandazi. Nilimwambia ni vyombo vya kazi. Alionekana kusikitika kidogo, kisha akajifunika kitenge akalala.

Asubuhi, Kalemie. Mji unakuja kwako taratibu ukiwa majini: kwanza vilima, halafu mabati yanayong'aa, halafu makreni ya bandari yaliyosimama na kutu yao. Afisa wa uhamiaji aliuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia nimekuja kupiga picha ya familia. Alipiga muhuri bila kuinua macho, na mimi nikatembea nikijiambia kwamba sikudanganya.

Mapendo alikuwa ananingoja nje ya lango akiwa na ovaroli ya bluu na pikipiki. Ni mtu mrefu, wa miaka thelathini na ushei, mweusi kama chungu kilichozoea moto, na ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Alininyooshea kiwiko nikishike badala ya mkono, kwa sababu viganja vyake vilikuwa na oili.

"Karibu, Dada. Umefika muzuri? Ziwa halikukusumbua?"

"Halikunisumbua. Saruji ndiyo ilinisumbua."

Akacheka, akaifunga ndoo yangu mbele ya pikipiki kwa kamba ya mpira, tukaondoka.

Mchana tulikuwa kwao, nyumba ya vyumba viwili karibu na mto Lukuga. Hapo ndipo nilipokutana na Neema, mshonaji, mwanamke mnene kidogo mwenye sauti ya chini na tepu ya kupimia shingoni. Wanaishi pamoja miaka mingi. Majirani wanawaita wadada, na wao hawajawahi kubisha. Neema alipakua bukari, yaani ugali wao, sombe ya majani ya muhogo na samaki ambao sisi tunawaita migebuka na wao wanawaita mikebuka, tukabishana kidogo kuhusu nani anawapika vizuri zaidi. Nilishindwa kwa sababu nilikuwa nakula.

Tulipomaliza kula ndipo Mapendo aliponieleza habari ya ukuta. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa reli, na mama yake, Mama Bahati, bado anakaa katika nyumba ile ile ya reli huko mlimani. Ukuta wa salo, sebule yake, umejaa picha kubwa za watoto, na zina utaratibu wake. Mtoto akipata komunio ya kwanza, anapigwa picha na kutundikwa. Siku akifunga ndoa, ile ya komunio inashushwa, inawekwa ya ndoa palepale, kwenye msumari uleule. Bahati, kaka mkubwa, yuko na mkewe. Wadogo zake nao wako na waume na wake zao.

"Wote wamekomaa kwa ukuta," Mapendo alisema. "Mie peke yangu nabakia na robo nyeupe, kagauni ka komunio, na mushumaa. Unajua wageni wanauliza nini? Wanaulizaka Mama: kale katoto kalikufa?"

Neema alishusha macho. Mapendo akaendelea, polepole zaidi. "Sababu kwa mafoto ya ukutani, mutoto mwenye anabakia mudogo ni ule mwenye alikufa. Na Mama anajibu: hapana, iko. Anasema vile tu, iko. Sitaki kuwa iko tu, Dada. Nataka Mama anione mukubwa."

Niliuliza kama mama yake anajua mambo yao. Mapendo alisema hawajawahi kuyaongea. Mama humtumia Neema vitenge vya kushona, na Neema humpelekea samaki. Basi.

Kesho yake asubuhi tulipiga picha. Dirisha la chumba cha mbele linatazama upande wa ziwa, na mwanga wa pale, jua likiwa bado chini, ni laini sana. Neema alitundika kitambaa cha rangi ya kahawia nyuma ya kiti. Alikuwa amemshonea Mapendo kostimu, suti ya rangi ya zambarau iliyoiva, na shati jeupe, na kravati, tai aliyoifunga mwenyewe huku amesimama kwa ncha za vidole. Ngozi nyeusi namna ile haihitaji taa, inahitaji mpiga picha asiye na haraka. Nilipima mwanga kwenye shavu lake na kuliacha shati, hata likizidi kung'aa, lijitetee lenyewe.

Mwanzoni alikaza uso kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikamuuliza habari za injini, akanijibu kwa heshima, uso uleule. Neema alikuja kunyoosha kola, akamnong'oneza kitu ambacho sikukisikia na sikuuliza, na Mapendo akalainika. Picha niliyoipata wakati ule ilinifanya niondoe jicho kwenye kamera nimwangalie kwa macho yangu. Baadaye nilimwomba Neema akae naye. Alikataa, akaenda kubadilisha kitenge, akarudi. Walikaa bega kwa bega, mkono wa Neema juu ya goti la zambarau, wote wawili wakinitazama usoni. Sikuwa nimewahi kupiga picha kama ile. Nyuso mbili zima, hakuna aliyejificha.

Tulipokuwa tunachagua ya kupeleka, Mapendo alisema, "Tuanze na ile ya mie peke yangu. Mama hatameza yote mara moja."

"Ni sawa," Neema alisema. Akainuka kwenda kukunja kile kitambaa cha kahawia, na alikikunja muda mrefu kuliko kinavyohitaji.

Mchana huohuo tulikwenda mjini, kwa Papa Dié, mwenye labo ya picha. Ni mzee mchangamfu, msafi, mwenye mashine moja anayoizungumzia kama mke wa pili. Alipokea picha ya Mapendo, akaahidi kuikuza, kuitia fremu na kuifunga kwa karatasi ya maua, kama inavyofanywa pale kwa picha zote za kutundikwa. Tulipoirudia siku ya pili ilikuwa imeshafungwa na utepe juu. Nilitaka kuifungua niione. Mapendo akatazama watu waliokuwa wamejaa barazani wakingoja zamu zao.

"Hapa hapana. Tutafungulia kwa Mama."

Jumapili, baada ya misa, tulipanda mlima kwenda nyumba ya reli. Neema alibaki nyumbani. Alisema ana kazi ya haraka, na hakuna aliyeuliza ni kazi gani ya haraka Jumapili. Mama Bahati ni mwanamke mdogo wa umbo, mkavu wa maneno, aliyekuja Kalemie akiwa msichana kutoka upande wa kaskazini wa ziwa pamoja na ndugu zake wavuvi, akaolewa na mtu wa reli na hakurudi tena. Sakafu yake nyekundu imesuguliwa mpaka unaona viatu vyako ndani yake. Na ukuta niliuona. Wawili, wawili, wawili, maharusi wa miaka mbalimbali, na katikati yao mtoto mweusi mwenye mshumaa, macho makubwa.

Alitupakulia chakula kabla ya neno lolote. Kisha Mapendo akampa kile kifurushi kwa mikono miwili. Mama Bahati alifungua utepe bila kuukata, akakunja karatasi ya maua, akaiweka pembeni. Akaitazama picha. Aliitazama kwa muda mrefu sana.

"Huyu ni nani?"

"Ni mie, Mama."

"Hapana." Akaigeuza ikaangalia chini. "Ondoa hii kitu kwa nyumba yangu."

Mapendo hakubisha. Aliinuka, akasema samahani Mama, akatoka, na tukasikia pikipiki ikiwaka na kuteremka. Moyo wangu uliniuma kweli. Nilitaka kuinuka nimfuate, lakini mgeni hainuki katikati ya sahani, na Mama Bahati alishaliona hilo.

"Kula, Mama Kigoma. Chakula haina kosa."

Nilikula tonge mbili. Kisha, kwa kuwa nililazimika kuangalia mahali, niligeuza ile picha. Ndipo nilipoona. Papa Dié alikuwa amemsafisha. Sura ya Mapendo ilikuwa imepauka mpaka ikawa rangi ya chai ya maziwa, mashavu laini kama ya mwanasesere, na kovu la juu ya nyusi halikuwepo. Alikuwa amefanya anavyofanya kwa kila mteja, kwa upendo, bila kuulizwa.

"Mama, hii si picha niliyopiga," nilisema, na nikatoa kamera kwenye mkoba.

Alikwenda chumbani kuleta miwani. Niliikuza picha kwenye kioo kidogo cha kamera, naye akainama, akasogea, mpaka pumzi zake zikawa zinakifukiza kioo.

"Eee," alisema. "Huyu njo yeye, yeye mwenyewe. Na kovu yake, alianguka kwa ngazi ya biro ya babake, kule ofisi ya reli." Akakigusa kioo kwa ncha ya kidole. "Wakati alizaliwa hivi, mweusi hivi, babake alicheka sana. Akasema, huyu hakuna mutu atasema si wangu. Sasa munaniletea mutu mwekundu, munasema ni Mapendo. Nitamuweka kwa ukuta ya babake namna gani?"

Nilikuwa nimeiogopa kostimu, nimeiogopa kravati, na yeye hakuwa amezitaja. Kana kwamba amenisikia, akauliza, "Kostimu alishona nani?"

"Neema."

"Nilijua. Mukono wa Neema naujua." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Na Neema mwenyewe, juu ya nini hayuko kwa foto?"

Nilijibu kwamba tuliona tuanze na Mapendo peke yake.

"Angalia ukuta yangu vizuri, Mama Kigoma. Kuna mutu mukubwa mwenye iko peke yake hapo? Hata mie mujane, niko na babake." Alinyoosha kidole, na kweli, juu kabisa, wao wawili, vijana, wamekaza nyuso. "Wananificha kitu nakijua. Nilingoja waniambie, hawasemi. Mie pia ningeanzia wapi? Enda ulete ya wawili. Na rangi yao, hivyo hivyo walivyo."

Alasiri nilimkuta Mapendo bandarini, amelala chini ya boti iliyopinduliwa, anafungua injini ambayo nadhani haikuwa imeharibika. Nikachuchumaa, nikamweleza neno kwa neno. Alitoka taratibu akakaa juu ya pipa.

"Alisema niondoe."

"Alisema iondolewe ile rangi. Wewe alikuangalia kwenye kamera mpaka nikadhani ataingia ndani."

"Usinidanganye, Dada. Alisema jina ya Neema?"

"Alisema. Aliuliza kwa nini hayumo."

Alichukua kitambaa akaanza kufuta oili kwenye vidole, kimoja kimoja, vidole vilivyokwisha kuwa safi. Halafu akakiweka usoni na kulia. Nilikaa naye juu ya pipa. Vibarua walipita na magunia, wakamsalimia, naye aliwaitikia vizuri kabisa kutoka nyuma ya kitambaa.

Jumatatu asubuhi nilirudi kwa Papa Dié, na safari hii nilikaa kwenye kiti karibu na mashine yake. Nilimpa picha ya wawili. Akatabasamu, akasema ni mafoto ya heshima, kisha kidole chake kikaanza safari kuelekea mahali pa kung'arisha.

"Papa, usimwangazie mtu. Itoe hivyo hivyo."

"Lakini Mama, watakuwa weusi."

"Ni weusi."

"Najua ni weusi. Hata mie niko mweusi. Lakini hakuna mutu anatoaka pesa ya foto ili atoke mweusi. Watu watasema mashini ya Papa Dié imechoka."

Nilimwambia ni agizo la mwenye ukuta, mjane wa reli. Hilo alilielewa. Aliitoa ilivyo. Picha ilipokuwa inashuka kutoka kwenye mashine, zambarau ikianza, halafu mikono, halafu zile nyuso mbili, aliinamisha kichwa akaikagua.

"Si mbaya," alisema. "Bo, sawa. Lakini nyuma sitapiga kashe, muhuri ya labo yangu."

Tulikubaliana. Karatasi ya maua nilikataa, nikaibeba wazi, uso ukiwa upande wa kifua changu.

Siku iliyofuata tukapanda mlima sote watatu. Mama Bahati alikuwa ameshashusha ile ya komunio. Alikuwa anaipangusa vumbi kwa kitenge chake, nyuma, mbele na pembeni, na alipomaliza aliipeleka chumbani kwake mwenyewe. Alirudi mikono mitupu, akapokea ya wawili. Safari hii hakuhitaji muda. "Aksanti," aliniambia. Akampa Mapendo.

"Tundika. Wee njo fundi."

Mapendo alipanda kiti. Neema alikuwa bado kizingitini, viatu mkononi, kama mtu aliyeleta ujumbe na anangoja majibu aondoke.

"Neema," Mama Bahati alisema, bila kugeuka, "unasimama mulangoni sawa na mugeni. Kuya ushike kiti, mutoto asianguke tena."

Neema akaja akashika kiti. Mama Bahati alisimamia kazi: kushoto kidogo, juu, hapana umezidisha, shusha. Mapendo alishusha, akapandisha, na naamini ilikuwa sawa tangu mwanzo, ila hakuna kati yao aliyetaka kazi iishe.

Tulikuwa tunakunywa chai alipoingia Mama Chantal, jirani, mwenzake wa kundi la sala. Ni mwanamke wa macho mepesi. Hakuwa hata ameketi akauona ukuta.

"Mama Bahati, kumbe umebadilisha. Huyu wa kravati ni nani?"

Neema alisimamisha kikombe hewani. Mimi nilihesabu hatua kati yangu na mlango.

"Ni Mapendo yangu," Mama Bahati alisema. "Na huyu njo mutu wake. Kunywa chai, inapoa."

Mama Chantal aliangalia ukuta, akamwangalia Mapendo, akamwangalia Neema, kisha akaketi, akapokea kikombe, akaangalia ndani yake.

"Sukari iko wapi?" akauliza.

Neema akamsogezea sukari. Sijui Mama Chantal alisema nini baadaye kwa wengine, na sitawadanganya kwamba mji mzima ulikunywa chai. Najua tu kwamba siku ile alikunywa vikombe viwili.

Siku ya kuondoka, Mapendo na Neema walinisindikiza mpaka langoni. Niliwauliza kuhusu maonyesho. Nilikuwa nimekuja kutafuta picha za maonyesho, na hii ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Nilikuwa ninaitaka kwa tamaa, siwezi kusema vingine. Walitazamana.

"Hapana, Dada," Mapendo alisema. "Hii si ya watu. Ni ya Mama."

Nilitoa kadi kwenye kamera nikampa Neema mkononi, akaifunga kwenye ncha ya kitenge. Nilisikitika, nakiri, na mpaka boti ilipoacha gati nilikuwa bado nasikitika. Mapendo alisimama kwenye ukingo wa bandari akipunga mkono ulioshika spana, na Neema pembeni yake akimwambia kitu.

Nimerudi Kigoma sina picha ya kuwaonyesha. Niliyojifunza ni haya: miaka yote nilidhani watu wangu wananipa mgongo kwa sababu ya woga, na nilijivunia kwamba najua kuwahifadhi. Sikuwahi kufikiri kwamba huenda wanageuza mgongo kwa sababu watakaowatazama ni wageni, na kwamba uso mtu humwekea yule anayemngoja. Sasa mtu akija kupigwa picha, kabla sijafungua dirisha, kabla sijapima mwanga shavuni mwake, namuuliza kwanza itatundikwa kwa nani. Wengine hucheka. Wengine hunyamaza, na wakinyamaza nachemsha chai, kwa sababu hapo najua tuna kazi kubwa kuliko kamera.